Polisi ni wa Nani?

Wazia, msomaji mpenzi, mama mmoja arudiye sokoni jioni. Hatutaji soko wala mtaa, maana jambo lenyewe latokea katika miji mingi ya nchi yetu. Kichwani amebeba beseni lenye samaki wakavu waliobaki. Katika fundo la kitambaa chake mna faida ya siku nzima. Njiani polisi wawili wamsimamisha. Wamwuliza karatasi ya soko, anayo. Wamwuliza kitambulisho, anacho. Basi mmoja asema kwa sauti ya chini: "Mama, na sisi tuna watoto." Mama afungua fundo, atoa noti mbili, aenda zake. Hakupigwa, hakutukanwa. Akifika nyumbani amwambia mumewe: "Leo nimelisha watoto wa Serikali."

Usiku uleule kelele zasikika mtaani: "Mwizi! Mwizi!" Vijana wamemkamata mtoto wa miaka kumi na sita, na bata wa watu mkononi. Mmoja ameshika jiwe. Mwingine amekwisha kuleta mpira wa gari na chupa ya mafuta. Ndipo atokea polisi mmoja, peke yake, bila bunduki. Ajipenyeza katikati ya watu, amkumbatia yule mwizi kwa mikono miwili. Apigwa jiwe la bega, lakini hamwachi. Amfikisha buroni akiwa hai. Asubuhi mama wa samaki aenda kutazama, naye amtambua polisi huyo. Ndiye yule wa noti mbili.

Sasa twauliza: mtu huyu ni nani kwetu? Je, ni mnyang'anyi aliyevaa nguo za Serikali, au ni mlinzi wa uhai wa watu? Wengine watajibu upesi kwamba ni mnyang'anyi. Wengine watasema tumsamehe, maana ana njaa. Lakini majibu ya upesi hayatufai. Twende polepole, tuanze na swali lililo chini ya maswali mengine yote: polisi ni wa nani?

Polisi wa Bula Matari

Wazee wetu walikuwa na jibu lao. Walisema, polisi ni wa Bula Matari. Jina hilo, mvunja mawe, alipewa kwanza Stanley, kisha likawa jina la Serikali yenyewe. Jina hili halitaji baba wala hakimu. Lataja nguvu ivunjayo. Na mkono wa nguvu hiyo ulikuwa Force Publique, ambayo ilikuwa jeshi na tena mlinzi wa amani ya ndani. Wakubwa wake walikuwa Wabelgiji, askari wake walikuwa Waafrika. Tena ilikuwa desturi kuwachanganya askari wa makabila mbalimbali na kuwapeleka mbali na kwao, ili mtu asiwe na shangazi wala mjomba katika nchi anayoilinda. Sababu yake ni wazi: asiye na ndugu mahali hapo hatasita akiambiwa apige.

Tulinganishe na mji mwingine. Mwaka 1829 Robert Peel alipounda polisi wa London, hawakuvikwa nguo nyekundu za askari wa jeshi, bali nguo za buluu. Watu wa mji ule waliogopa kutawaliwa kama nchi iliyotekwa, naye alitaka waone kwamba hawa si jeshi. Hatusemi ya kuwa polisi wa London hawakukosa kamwe. Walikosa, na mara nyingi. Lakini tazama tofauti ya chanzo. Kule waliogopa polisi asifanane na jeshi. Huku jeshi lenyewe ndilo lililokuwa polisi.

Sisi wa Panda tumelelewa kando ya mitambo ya shaba. Katika kambi za Union Minière mtu alipata nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto. Alipata pia mkuu wa kambi na polisi wake, ambao walijua nani amelala kwa nani na nani hakwenda kazini. Palikuwa na utaratibu, hilo halikanushiki. Lakini utaratibu ule ulikuwa wa kompani, kwa faida ya kompani. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mshahara, hapa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari walifyatua risasi juu ya wafanyakazi waliokusanyika, na watu kwa makumi walikufa. Waliofyatua walikuwa Waafrika kama wao, nao pia walikuwa watu wa mshahara mdogo.

Basi jibu la wazee lilikuwa na haki yake. Mtu akishaona hayo, atamfundisha mwanawe nini? Atamfundisha kukimbia aonapo kofia. Na mafundisho ya namna hiyo hayafi pamoja na dola lililoyaleta.

Mlinzi aliyetazama tu

Yawezekana mtu aseme: hayo ni mambo ya wakoloni, sisi tumejitawala tangu 1960. Ni kweli. Lakini tujikumbushe jambo moja lililotupata katika mji wetu wenyewe, ingawa laumiza kulikumbuka.

Mwaka 1972 Mobutu aliivunja polisi, akaiunganisha na jandarmeri, hata kwa miaka mingi ulinzi wa raia ulikuwa tena mikononi mwa watu wa mafunzo ya jeshi. Ulipofika mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi awe waziri mkuu. Huku Katanga, iliyoitwa Shaba siku zile, maneno ya chuki dhidi ya watu wa asili ya Kasai yaligeuka matendo. Katika mji wa Likasi watu walifukuzwa katika nyumba zao, mali yao ikaporwa, nyumba nyingine zikachomwa. Waliofukuzwa walikuwa watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao na babu zao waliletwa kufanya kazi katika migodi na reli. Maelfu walilala kituoni mwa gari la moshi, kwa majuma na miezi, wakingoja behewa la kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Watoto wengi na wazee walikufa pale kituoni na njiani, kwa magonjwa na njaa.

Na walinzi wa amani walikuwa wapi? Walikuwapo. Lakini kwa sehemu kubwa walitazama.

Jambo hili lataka fikira. Mwaka 1941 kosa la mwenye bunduki lilikuwa kupiga. Mwaka 1992 kosa la mwenye bunduki lilikuwa kutopiga hatua moja mbele. Katika kosa la kwanza alikuwa wa kompani na wa Serikali, si wa watu. Katika kosa la pili alikuwa wa upande mmoja wa watu, si wa watu wote. Kwa hiyo haitoshi kusema, kama wasemavyo wengi, "Polisi awe wa watu." Watu gani? Wale wenye mawe pia ni watu. Kundi lililotaka kumchoma mwizi wa bata ni watu, tena ni majirani zetu, tena labda Jumapili huimba katika kwaya.

Hapa ndipo twapata jibu letu la kwanza. Polisi si wa mkubwa, wala si wa kundi lenye kelele nyingi. Polisi ni wa yule aliye hatarini saa ile, hata akiwa mgeni, hata akiwa mwizi. Akiwa wa huyo, atakuwa wa wote, kwa maana kila mmoja wetu aweza kuwa hatarini kesho. Asipokuwa wa huyo, si wa mtu ye yote, ila wa mwenye nguvu. Yule polisi aliyemkumbatia mtoto wa bata hakusoma vitabu vya falsafa, lakini alilijua jambo hili kwa bega lake.

Amri na dhamiri

Polisi atatujibu: "Mimi ni mtu wa amri. Naambiwa simama, nasimama. Naambiwa kamata, nakamata." Neno hili lina ukweli ndani yake. Askari achaguaye amri zimpendezazo ni hatari kuliko asiye na akili. Lakini je, amri yaweza kumwondolea mtu dhamiri, kama vile seremala aondoavyo msumari katika ubao?

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yajibu kwamba haiwezi. Kifungu cha 28 chasema kwamba hakuna mtu alazimishwaye kutimiza amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria, na ya kuwa mtumishi wa Serikali hafungwi na utii pale amri inapovunja haki za watu waziwazi. Na kifungu cha 183 chasema polisi hawana chama, ni watumishi wa taifa, wala mtu hana ruhusa kuwageuza chombo chake mwenyewe. Mafundisho ya Kanisa ni yaleyale. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, wasema utii wa upofu hauwezi kuwa udhuru kwa atendaye maovu makubwa, tena wawasifu wale wanaokataa waziwazi bila kuogopa. Mtaguso huohuo haukuwadharau wenye silaha. Wasema kwamba wakitimiza wajibu wao vema, wanatumikia usalama na uhuru wa watu.

Angalia, basi: si suala la kuchagua kati ya utii na uasi. Mtii wa kweli huuliza: amri hii ni ya nani? Ikiwa ni ya sheria, ataishika hata ikimchosha. Ikiwa ni ya mkubwa kwa ajili ya tumbo lake, hiyo si amri, ni tamaa iliyovaa nyota begani.

Noti mbili

Sasa turudi kwa mama wa samaki. Ni nani aliyekosa katika zile noti mbili?

Wengi husema: mama amekosa sawasawa na polisi, maana mtoaji na mpokeaji ni mapacha. Mimi sioni hivyo. Tutofautishe. Yuko mtu atoaye pesa ili apate kilicho haki yake, mathalan kupita njiani akiwa na karatasi zake zote. Huyo ameibiwa, ingawa ameibiwa kwa upole. Na yuko mtu atoaye pesa ili apate kisicho haki yake: dereva asiye na breki nzuri atoaye matabishi apite, tajiri atoaye fedha ili jirani yake alazwe buroni. Huyo hakuibiwa, amenunua. Na alichonunua ni maisha ya abiria wake, au uhuru wa jirani yake. Wa kwanza twamhurumia. Wa pili ni mshiriki wa kosa lenyewe.

Na polisi? Atasema, "Mshahara wangu hautoshi, tena hauji kwa wakati." Nani katika Panda atakayemcheka kwa neno hili, sisi tuliowaona wafanyakazi wa Gécamines wakikaa miezi bila mshahara? Papa Leo XIII alikwisha kufundisha, mwaka 1891, kwamba mshahara wa haki ni ule umwezeshao mtu kuishi maisha ya kiasi, na ya kuwa kumpunja mfanyakazi ni dhambi nzito. Serikali impayo mtu bunduki bila chakula haiwezi kunawa mikono. Imemfanya mtego, na imeuweka njiani pa maskini.

Lakini kuna mambo mawili ambayo njaa haiyafichi. La kwanza: mwenye njaa kali aliyechukua mkate wa mwenye mikate mingi, Kanisa halikupata kumhukumu kwa ukali. Polisi wetu hachukui kwa mwenye mikate mingi. Tajiri ana simu ya mkubwa wake, hasimamishwi. Asimamishwaye ni mama wa beseni na kijana wa pikipiki. Yaani njaa ya mmoja yahamishiwa kwa mwingine aliye dhaifu zaidi. La pili: noti ile haikai mfukoni mwake yote. Watu waliochunguza kazi ya polisi wa barabara huko Kinshasa wameeleza jinsi askari walivyotakiwa kuwapelekea wakubwa wao fungu kila siku. Hapo si njaa tena. Ni kodi ya siri. Na polisi mwenye fungu la kupeleka hatafuti wavunja sheria, atafuta wenye noti. Mwizi wa usiku, asiye na noti, amwacha apite.

Askari walimwendea Yohane Mbatizaji kule Yordani wakamwuliza, nao wafanye nini. Ni ajabu kwamba hakuwaambia waache kazi ya uaskari. Aliwakataza kunyang'anya watu na kuwasingizia, akawataka waridhike na malipo yao. Kwa hiyo jambo hili si jipya, wala si la Kongo peke yake. Tena kazi yenyewe si najisi. Kinachoinajisi ni kuiuza.

Mtu atasema: "Haiwezekani kukataa. Akataaye atakufa na njaa, au atauawa." Hatari ipo, tusiifiche. Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mtumishi wa ofisi ya Serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie na kuwadhuru watu, na mwaka 2007 aliuawa kwa sababu hiyo. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Hakuwa polisi, lakini mlango alioulinda ni sawa na ule wa polisi: mlango kati ya hatari na wananchi wasiojua kitu. Hatuwezi kumwamuru kila mtu afe kama yeye. Twaweza, hata hivyo, kuacha kusema kwamba haiwezekani.

Sisi tunaomfanya polisi

Msomaji mpenzi, mpaka hapa umekaa kama hakimu, na polisi amesimama mbele yako. Sasa yatupasa kubadilishana mahali.

Ndugu yako alikopa pesa zako, hakulipa. Je, ulimpeleka mbele ya wazee au baraza, au ulimtafuta polisi rafiki yako, ukampa kidogo, ili mdeni alale sakafuni siku tatu? Mapatano ya mataifa ya mwaka 1966 yakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Na Katiba yetu, kifungu cha 18, yasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu yake, kwa lugha aijuayo, wala asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya kuhukumu. Mara ngapi saa hizo zimepitishwa kwa pesa zetu sisi, kwa hasira zetu sisi? Twalalamika kwamba polisi anauzwa. Asingeuzwa kama pasingalikuwa na wanunuzi.

Na usiku wa bata, ulikuwa wapi? Wengi wetu twasema, "Tukimpeleka buroni, kesho atatoka kwa pesa, afadhali tummalize." Sababu hii ina uchungu wa kweli. Lakini ifuate mpaka mwisho wake. Kwa kuwa haki yauzwa, basi twaua bila haki yo yote. Ni kama mtu ambaye, kwa kuwa maji ya kisima yana matope, amekunywa sumu. Tena aliyechomwa hawezi kurudishwa ikionekana kesho ya kuwa bata alikuwa wake.

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wengi hutumia methali hii kwa kukata tamaa: afadhali polisi wa mtaa wetu anyonyaye kidogo kuliko mgeni anyonyaye sana. Mimi nasema, kujuana kwaweza kuzaa neno bora kuliko hilo. Wakoloni waliwapeleka askari mbali na kwao kusudi wasijuane na watu. Basi sisi tufanye kinyume. Jina la polisi wa mtaa wako walijua? Watoto wake wasoma na wa nani? Mkewe akifiwa, jumuiya yenu yaenda kulia pamoja naye, au mwasema, "Hao ni watu wa Serikali"? Ni vigumu kumnyang'anya noti mbili mama aliyekusaidia kuzika mtoto wako. Na ni vigumu kumrushia jiwe polisi ambaye jana mlibeba jeneza pamoja.

Lakini urafiki peke yake hautoshi, maana urafiki pia waweza kuwa upendeleo. Basi pawe na ushuhuda. Mtu akikamatwa, asiende peke yake. Wawili wa jumuiya wamsindikize, waulize sababu kwa heshima, waandike saa aliyoingia. Ukitozwa faini, omba karatasi yake. Palipo na mkutano wa mkuu wa mtaa na polisi juu ya usalama, msikae nyumbani na kunung'unika. Polisi mwema akitenda vema, kama yule wa bega, asifiwe hadharani, ili mkubwa wake asikie pia sauti isiyo ya malalamiko. Mambo haya ni madogo. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vya parokia moja ni vingi.

Basi, polisi ni wa nani? Si wa Bula Matari tena, ingawa fimbo ya Bula Matari bado i mkononi mwake. Ni wa yule aliye hatarini, na sheria imemtuma kwa huyo. Lakini hawezi kuwa wake ikiwa Serikali yamwacha na njaa, ikiwa yeye mwenyewe aiuza kazi yake, au ikiwa sisi twainunua. Vitu hivyo vitatu vyaenda pamoja kama mafiga. Ukiondoa kimoja, chungu chaanguka.

Asubuhi ile mama wa samaki alisimama mlangoni pa buro akimtazama polisi mwenye bega lililovimba. Angeweza kumwaibisha mbele ya wote kwa habari ya zile noti. Angeweza pia kunyamaza akaenda zake. Tuseme alifanya neno la tatu: alimsogelea, akamwambia polepole, wasikie wawili tu, "Mwanangu, mtoto yule angekufa bila wewe. Asante. Lakini jana uliniibia." Sijui polisi angejibu nini. Lakini najua kwamba mama huyo angekuwa amemwambia kweli zote mbili, na ya kuwa mtu aambiwaye kweli zote mbili na jirani yake hawezi tena kusema kwamba hakujua yeye ni wa nani.